Ukurasa wa Akiba

Jumatatu, 4 Machi
Mama kaamka anahema kwa shida. Moyo tena. Daktari anasema tumtunze nyumbani, tusimshtue. Tusimshtue! Katika mji huu, ambao ukipiga chafya chumbani unapewa pole sokoni.

Ofisini Mhariri kafunga mlango, sauti chini. Taazia za watu maarufu wa mji tunaziandika mapema, zinakaa kwenye kompyuta zikisubiri siku ya kifo. Ya meya wa zamani ipo. Ya kocha wa mpira ipo — mwenyewe anajua, kila mara anakuja kuomba tubadilishe picha. Ya mkunga haipo. Mkunga ni mama yangu. Kazalisha nusu ya mji, hata Mhariri alipokelewa na mikono yake. Eti nani ataandika vizuri kuliko mimi? Nusura nimrushie stepla.

Jumanne, 5 Machi
Nimeandika. Mama kalala chumba cha pili, mimi huku namwita marehemu. Sifa zilitiririka zenyewe. Halafu vidole vikaandika hivi: “Watoto wa mji mzima walimpata. Sisi wa kwake tulimsubiri.”

Nimelia. Ni kweli, ndiyo maana nimelia. Siku niliyovunjika mkono alikuwa kwa watu. Siku ya harusi yangu aliingia keki imeshaliwa. Mstari huo nitaufuta. Ila leo uache ukae.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya kufunga kurasa za gazeti la kesho. Tangazo la duka la fenicha limechelewa, ukurasa wa nne una pengo. Nikafanya kama kawaida: naweka chochote chenye urefu ule kushika nafasi, tangazo likifika nakitoa. Taazia ya Mama ikaenea barabara. Simu — kaka! Mama kaanguka bafuni. Nimetoka mbio.

Ni goti tu. Ananicheka, eti nimekimbia kama nimeiba kuku. Kuna kitu nimesahau ofisini. Labda mkoba.

Ijumaa, 8 Machi
Mungu wangu. Mungu wangu!

Imetoka. Ukurasa wa nne, picha yake, maneno yangu, na ule mstari. Mhariri aliikuta pale, akaambiwa nimetoka mbio kwa ajili ya Mama, akajumlisha mwenyewe. Anasema aliipeleka mtamboni huku analia. Nimemporomoshea matusi kwenye simu, kisha nikakaa sakafuni. Atasahihisha. Wiki ijayo!

Kaka yuko getini anazuia watu. Wamekuja na viti. Kocha kaleta turubai. Kaka anaapa Mama yu hai, wao wanamwambia ajikaze, uchungu ndivyo ulivyo, mtu hukataa mwanzoni. Mwanamke mmoja kamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Ningecheka kama ningekuwa na pumzi.

Mama kasikia vilio. Kauliza nani kafa. Nikasema sijui. Kauliza gazeti — macho yake yamekwisha, kila Ijumaa namsomea, na huanza na vifo, ndipo mengine. Nikasema halijatoka. Kasema muuza magazeti kapita asubuhi akipiga filimbi, mbona namdanganya mgonjwa?

Nikakimbilia jikoni. Gazeti nimelificha chini ya sufuria. Nifanyeje? Nikisoma, nauruka mstari? Sauti yangu anaijua kuliko ninavyoijua mimi. Nisiposoma, atajikongoja hadi nje akute turubai. Moyo wake! Ningejua ningeufuta Jumanne ile ile. Najichukia. Na bado kila neno la mstari ule ni la kweli, nalo linanichoma zaidi.

Kaniita. Nimeenda hadi mlangoni. Kasema kamsikia kocha chini ya dirisha, analia huku anamtaja yeye na ukurasa wa nne, na haoni kwa nini wamlilie mtu ambaye hajanywa hata chai. Hakuonekana kushtuka. Alionekana ana hamu. Kajisogeza ukutani, akapigapiga kitanda nikae.

— Kaandika nani?

Nikasema mimi.

Mkono wake ukatafuta wangu juu ya shuka, ule niliouvunja, akaushika penye kovu.

— Basi soma yote, mwanangu. Usiruke hata neno. Nitajua.

Nimemwomba nikalete miwani. Iko usoni mwangu, nimesimama jikoni naandika haya, na Mama anaita tena.