Mto Usiokauka

Jumatatu, 3 Machi

Bosi amekuja na magari matatu. Matatu! Mtu niliyemfahamu na pikipiki moja isiyowaka bila kusukumwa. Sisi wa zamani bado tunamwita Bosi wa Pikipiki, naye hucheka, ila siku hizi anacheka huku akitazama saa.

Ametukusanya mbele ya mtambo wa kwanza, wote, hata mimi na funguo zangu za stoo. Kampuni inakua, amesema. Mitambo mitatu ya umeme wa maji, nguzo za upepo ishirini na mbili kule mlimani, na sasa mtambo mkubwa kuliko yote, kwenye mto wa juu. Makofi. Halafu akanitazama mimi: mtambo huo utaitwa Mzee wa Mto.

Ndivyo walivyomwita mume wangu! Miaka sita kaburini. Nimelia mbele za watu na sikujali.

Jumatano, 5 Machi

Tangu juzi kazi yangu ni kukumbuka tu. Ofisi ya kwanza ilikuwa kontena, meza moja, watu sita, joto la kuokea mikate. Orodha ya vifaa niliiandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Siku mashine ilipozunguka mara ya kwanza Bosi aliruka kwa furaha, akatumbukia mferejini na viatu vyake vipya. Balbu moja ikawaka juu ya mlango, mchana kweupe, na sote tukaikodolea macho kana kwamba hatujawahi kuona balbu.

Na mume wangu — kila siku saa kumi na mbili asubuhi, buti, kalamu ya wino mfukoni, penseli sikioni. Mwendo wa saa moja na nusu hadi mto wa juu. Anasoma ule ubao wenye namba uliosimikwa majini, anaandika sentimita ngapi, anarudi. Mtambo huko haukuwepo. Bosi alisema tu, tuupime, iko siku tutajenga. Akaupima miaka ishirini na minne, hadi miguu ilipokataa.

Wino ulikuwa wa kitu alichokiona kwa macho yake. Kitu asichokiamini alikitia nukta ya penseli pembeni, basi, maneno hana. Niliwahi kuandika kwenye kalenda ya ukutani siku mama yangu atakayoondoka, baada ya kukaa kwetu siku tatu. Akasogea, akatia nukta. Mama alikaa miezi miwili. Jamani, nimemkumbuka mtu huyu!

Alhamisi, 6 Machi

Mhandisi amefika kutoka ofisi kuu. Binti mpole, miwani mikubwa, kompyuta begani. Shikamoo mama. Marahaba. Anataka madaftari ya Mzee wa Mto, yaliyo kwenye sanduku la bati huku stooni kwangu. Atapiga picha kila ukurasa kabla hawajaagiza mashine. Nikauliza, kwani hamna hizo namba? Anasema wanao wastani wa kila mwezi tu, na huo ndio waliotumia kuchagua mto.

Halafu akaniambia kwa furaha, mwenyewe anang'aa macho. Ule mwaka wa ukame mkubwa mto wa chini ulibaki matope. Wa juu haukushuka! Mama, ule mto haukauki, ndiyo maana tumeuchagua.

Nikawa natafuta tundu la kufuli, silioni. Akanishikia ufunguo.

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu amekuja kula mchana. Fundi wa upepo, anapanda mita themanini na spana kiunoni, mimi nikipanda kiti tu kizunguzungu. Amesimulia kwamba kabla ya nguzo ya kwanza waliupima upepo miaka miwili. Mama, ukipima vibaya unajenga sanamu. Nikamwongezea mchuzi.

Naye ndiye aliyekuwa mtoto mchanga mwaka ule. Haya, niandike, hakuna atakayesoma.

Mwaka wa ukame mume wangu aliteleza kwenye mawe, akavunjika mguu, akalazwa mjini miezi mitatu na nusu. Mtambo wa chini umesimama, watu wote wamepewa likizo, Bosi yuko ng'ambo anatafuta wafadhili. Mimi na kichanga cha wiki tatu. Niliogopa. Nilijua namba zikikatika, kazi ya mume wangu imekwisha. Basi nikaandika mimi. Mezani, mtoto akinyonya, huku nikichungulia daftari la mwaka uliotangulia. Nikaiga mwandiko wake. Arobaini na moja. Arobaini. Thelathini na tisa.

Nilikwenda mtoni mara moja tu, mwezi wake wa tatu hospitalini, mtoto mgongoni. Ubao ulikuwa umesimama kwenye mawe makavu. Mjusi anaota jua penye namba tano. Nikarudi nyumbani nikaandika thelathini na nane. Ningeandika nini? Jana yake nilikuwa nimeandika thelathini na nane.

Aliporudi na magongo hakuuliza kitu. Alichukua daftari, akakaa nalo nje mpaka jua likamfikia miguuni, akalirudisha sandukuni. Akasema, mtoto amekua. Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

Jumanne, 11 Machi

Nikisema, watamwita mwongo yeye. Mwandiko ni wake, jina ni lake, nani ataamini ni mkono wangu? Na jina lake litafutwa kwenye mtambo kabla halijaandikwa.

Nisiposema, wanajenga mtambo mkubwa kwenye mto ambao niliuona mkavu kwa macho yangu. Mashine zinaagizwa wiki ijayo. Na mwanangu ameomba kuhamia huko. Anataka kufanya kazi chini ya jina la baba yake, anasema. Nimemwambia vizuri, mwanangu. Vizuri!

Jumatano, 12 Machi

Mhandisi yuko sebuleni kwangu. Amekuja saa tisa alasiri na daftari moja tu. Nimelijua kwa doa la maziwa kwenye jalada.

Mama, amesema, kuna kitu sielewi. Mwandiko uleule, wino uleule. Ila kuanzia hapa kila siku ina nukta ndogo ya penseli pembeni. Siku mia moja na saba, halafu zinakoma. Madaftari mengine hayana hata moja. Mzee alikuwa na maana gani?

Nimemwambia ngoja niweke chai. Naandika nimesimama, mgongo kwenye mlango wa jikoni.

Alijua! Miaka yote ile tumekula meza moja, tumezika wazazi pamoja, tumemsomesha mtoto. Alijua, na hakunisema hata siku alipokasirika. Hakufuta namba zangu. Hakuandika nyingine — hakuziona, angeandikaje? Alitia nukta, siku baada ya siku, hakuruka hata moja. Mengine yote akaniachia mimi niyaseme. Ee mume wangu, ungenigombeza tu.

Ananiita. Mama, maji bado?

Nimejibu yanakaribia kuchemka.

Sijawasha hata jiko.