Njumu za Mhispania

Ijumaa, Machi 2015

Sauti ya lile goti. Niliisikia nikiwa kwenye benchi, na bado naisikia.

Hakuguswa na mtu. Mhispania wetu, aliyecheza miaka kumi na tano kwenye viwanja vikubwa vya kwao kabla ya kuja huku Uarabuni, aligeuka tu na mpira, akaketi chini kama mtu aliyechoka.

Mimi ndiye mtunza vifaa wa timu. Njumu zote hupitia mikononi mwangu, na njumu hazifichi kitu. Tangu Januari, meno ya njumu yake ya kulia yalikuwa yanalika upande mmoja. Nilijua anauhurumia mguu. Nikamwonyesha.

"Badilisha meno, rafiki," akaniambia. "Daktari asijue. Bila mpira sijui nitakuwa mtu gani."

Nikawa nabadilisha kila wiki, kimya kimya, nikijiona mtu mwema.

Leo daktari ameniuliza, "Viatu vyake havikukuonyesha lolote?" Mhispania alikuwa pale kwenye machela, ananitazama.

"Hapana, sir," nikasema.

Daktari akasema khalas, imekwisha, huyu hachezi tena. Kama ningesema Januari, labda...

Alipokuwa anabebwa alinishika mkono, akaniomba nimwekee njumu tayari kwa mechi ya Jumatano.

Nimeziosha, nikazitia meno mapya, nikaziweka mahali pake. Yale ya zamani sikuweza kuyatupa. Yako hapa mezani, chumbani kwetu mtaa wa International City, yamelika yote upande mmoja. Mwenzangu wa chumba ameuliza ni ya nani.

Nimemwambia ni yangu.