Vigingi Nilivyopigilia Njiani

Baba yangu,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba yako, ila mdomo umezoea.

Unakumbuka lile pori la Geita, mwaka ule mvua ilipotutupa mkono tukaacha mtama ukikauka nyumbani Mhunze? Wachimbaji wenzako walibishana dhahabu iliingiaje ardhini: huyu anasema imeletwa na mto, yule anasema imepanda na mwamba. Wewe ukacheka. "Kabula, waache wapige domo. Sisi tutazame imelala wapi." Ukanipa karai na vigingi. Nichote udongo kila baada ya hatua ishirini, pori zima, niuoshe, na penye chembe nipigilie kigingi.

Basi ndiyo kazi yangu huku ughaibuni, baba. Wataalamu wanabishana galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zilizaliwaje. Kila nadharia tunaiingiza kwenye kompyuta, inatupangia galaksi zake. Kisha tunalinganisha na ramani ya zile za kweli, zilivyojipanga kama nyuzi, na katikati patupu. Nadharia isiyofanana na ramani tunaitupa.

Yangu ilifanana. Profesa akanipa mkono. Halafu juzi nikaongeza galaksi hafifu, zile zinazochosha kupima, nilizokuwa naziruka. Ramani ikabadilika, nadharia ikaanguka chali. "Achana nazo," profesa akasema leo, "kesho unatetea kazi yako." Nikisema ukweli narudi bila shahada, maana ufadhili umefika mwisho. Miaka yote hii bure.

Baba, nisikilize. Nilikudanganya. Kule porini niliogopa nyoka na miiba, nikachota udongo kandokando ya njia tu. Ulipoona vigingi vimenyooka mstari mmoja ulininyanyua juu: "Mwamba huu hapa, ng'wana wane, mwanangu!" Ukachimba duara lako, shimo la dhahabu, palepale. Siku tisa hukupata kitu, na ya kumi likakufukia. Watu wakasema bahati mbaya. Nikalia nao, nikanyamaza. Mama naye amekufa hajui.

Jamani, nimechoka kunyamaza! Kesho nitasimama nizitaje zile nilizoziruka, wanirudishe Mhunze mikono mitupu, potelea mbali. Lakini wewe atakurudisha nani? Ule mstari haukuwa mwamba, baba. Zilikuwa nyayo zangu.

Lala, na ukiweza, unisamehe.

Binti yako,
Kabula