Mama Yunxiu na Chai ya Guangzhou

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha asubuhi ile, msimu wa kuchuma majani ya kwanza kule Yiwu ulikozaliwa.

Duka lako hapa Kunming liko wazi. Wafagiaji wa barabara bado wanaingia kunywa bure, kama ulivyotuusia: "Aliyepigwa na baridi haulizwi pochi."

Wateja wanakuulizia. Nani mwingine atabandua mkate wa chai kuukuu, majani yaliyokandamizwa yakawa duara gumu, bila kuyavunja? Ulimwaga maji ya kwanza ya kuoshea majani, ukanusa kifuniko cha kikombe, ukafumba macho. Mtu akikusemesha, ulimwinulia kidole tu: ngoja! Ulisema Pu-erh mbichi, chai ya kwetu inayowekwa miaka hadi iive, ikizeeka haihukumiwi ulimini. Meza kwanza, usubiri utamu upande kooni.

Kwa chai hukumbembeleza mtu, hata mdogo wako. Babu alipofariki mligawana mikate ya chai aliyoikandamiza mwenyewe, na Mama Mdogo Yunfen akaenda na yake Guangzhou, kwenye joto na unyevu unaoivisha chai upesi. Miaka ikapita, akakuletea uionje. Ukasema mbele ya wageni, "Fen, hii uliilaza na viatu? Inanuka stoo!"

Naye hakukuachia. "Afadhali yangu, dada. Yako bado inauma ulimi, kavu kama roho yako!"

Tulicheka, tukidhani ni utani wenu. Kumbe ndipo mliponuniana, mkawa hampigiani simu hata mwaka mpya.

Ulipougua alikuja bila kuitwa, amekumbatia mkate mmoja wa chai ile ya Babu. Daktari alishakukataza chai kali. Ukamwambia, "Chemsha maji." Ukanywa funda moja, ukainua kidole: ngoja!

"Sema basi, dada. Nitukane tu, nimezoea."

"Imeiva, Fen. Baba angeifurahia."

Akaangua kilio, nawe ukamkemea: "Usilie juu ya kikombe, utaitia chumvi!" Mkacheka nyote wawili, machozi yakiwatoka.

Hakupanda treni ya kurudi. Alikuosha, akakulisha uji, akalala miguuni pako kila usiku, hadi ulipofumba macho kiganja chako kikiwa ndani ya chake.

Unakumbukwa na mumeo Tan Shaoqing, wanao Lirong na Jiawen, mkweo Peiyun, mjukuu wako Tan Yue, majirani wa mtaa wa chai, na mdogo wako mpenzi, Gao Yunfen.

Hutatutoka moyoni, Mama, maisha yetu yote.