Aibu Huoshwa Hadharani

Prince Rupert, 3 Machi

Mjomba Vernon,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na goti la Bibi limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila bweni lina baridi.

Mjomba, nina hasira. Mwaka wa tatu huu tangu ile meli imwage dizeli kwenye ghuba yetu, na Bibi bado amekatazwa kuchimba chaza ufukweni. Nasi wenyewe tunavujisha dizeli ileile kutoka boti zetu, tone kwa tone! Mwalimu ametuonyesha mafuta ya boti yanayotokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Yakimwagika, huoza upesi. Tafadhali yatumie kwenye boti yako msimu huu wa kuvuna mayai ya samaki wa heringi. Ukianza wewe, wengine watafuata.

Mpwa wako,
Raeanne

Kijijini, 24 Machi

Raeanne,

Bibi hajambo, anakusalimu. Hali yangu usiiulize.

Nilikusikiliza, nikajaza tangi mafuta yako. Siku ya heringi, mbele ya boti zote, injini ikakohoa, ikafa. Chujio la mafuta lilikuwa limeziba kwa tope jeusi. Nahodha mwenzangu Ambrose akanivuta kwa kamba hadi gatini, huku akipiga kelele redioni: "Jamani, nani ameagiza chipsi? Vernon analeta, ila samaki hana!" Kijiji kizima kilicheka. Bibi hatakula mayai ya heringi mwaka huu.

Unaijua desturi. Aliyeaibika mbele ya watu huandaa karamu na kugawa zawadi, ndipo aibu ioshwe. Mimi, kwa umri huu!

Nimerudia dizeli. Usiniandikie tena habari za mafuta.

Mjomba wako

Prince Rupert, 28 Machi

Mjomba,

Shikamoo, hata kama hutaki kuiitikia.

Umenikataza, lakini lazima nikiri. Mafuta yale husafisha tangi. Tope lile ni masalia ya dizeli ya miaka arobaini, na chujio lilipaswa kubadilishwa baada ya safari za mwanzo. Karatasi ya maelezo ilisema hivyo. Niliisoma. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungesema ni usumbufu, ukakataa.

Niliwachukia wenye ile meli iliyomwaga dizeli kwa kutuficha mambo. Kumbe nami nimekuficha. Aibu ni yangu, niache nisimame mimi karamuni.

Mpwa wako,
Raeanne

Kijijini, 6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kuitupa majini. Ungeniambia, ningelalamika kutwa nzima, kisha ningetafuta chujio. Hunijui?

Bibi anasema, "Mtoto kakosa, lakini chaza wangu wamekosa nini?" Basi nayarudia mafuta yako. Tangi nimelisugua.

Karamu ni Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Panda feri ya Ijumaa. Utasimama kando yangu na kutamka mbele ya wote ulilonificha. Kisha zawadi utazigawa kwa mkono wako: kila nahodha chujio jipya, Ambrose awe wa kwanza. Kwa desturi yetu, akipokea zawadi amekuwa shahidi. Hawezi kusema kesho kwamba hakuambiwa.

Hasira yangu haijaisha. Njoo na karatasi ile ya maelezo, uwasomee yote, mpaka mstari wa mwisho.

Mjomba wako,
Vernon