Gari la Ami Seif na picha ya kitabuni

Jumanne usiku

Gari la pichani ndilo lake, amesema Ami Seif leo gerejini kwake, mtaa wa Ghala. Picha yenyewe imo katika kile kitabu kinene cha historia ya magari ya Kiswidi, na anataka niandike hivyo gazetini kabla hajalionyesha gari Ijumaa. Wageni ameshawaalika.

Ushahidi wake ni kile chuma kinachokatiza mshazari mbele ya rejeta. Magari mengine ya aina hiyo, chuma kinalalia upande wa pili. Cha kwake kinalalia kama cha pichani.

"Tizama mwenyewe, mwanangu. Duniani yako mawili?"

Nikatizama. Namba ya gari pichani inasomeka kinyumenyume. Picha imechapwa ikiwa imegeuzwa, kwa hiyo chuma cha gari lile kililala kama cha mengine yote. Gari lililofanana hivi na picha haliwezi kuwa gari la picha.

Nikamwuliza ni nani aliyekifunga chuma.

"Nimelinunua hivi hivi. Usinifanyie upolisi, mie ami yako."

Lakini skrubu ni mpya, na matundu ya zamani yamezibwa yakapakwa rangi.

Sijui kama kadanganywa au anadanganya. Akiwa kadanganywa, nitamstahi. Akiwa anadanganya… Na jina litakalokaa juu ya habari ni langu, si lake.

Nimemwambia mhariri asiitoe kesho. Asubuhi saa tatu nakwenda tena Ghala, na kioo cha mkononi, nimsomeshe ile namba kabla wageni hawajaisoma.