Mama Rosa, Kaka Yako Amefika

Mama Rosa, shoga yangu,

Kaka yako amefika. Yule uliyemngoja ukiwa kitandani, ukigeuza kichwa kila mlango ulipolia, amefika wewe umeshazikwa na majani yameshaota juu yako. Amekuja kumchukua Rosa. Nimeona nikuandikie wewe, maana hapa Temeke kila mtu ana lake la kunishauri, na wote wananichosha.

Usiucheke mwandiko wangu. Kile kisomo cha watu wazima nimekimaliza, kile ulichokuwa ukinikokota twende huku mimi nikisingizia mgongo. Wewe uliishia kwenye kuandika jina lako, mimi nimefika hapa. Herufi zikipanda na kushuka, zivumilie.

Habari za huku ni hizi. Unga mweupe umerudi dukani, foleni si zile tena. Nchi yenu imepata uhuru. Siku hiyo watu wa kwenu walipiga ngoma kutwa nzima, nikamvalisha Rosa gauni lake la bluu nikampeleka. Alikaa kwenye mkeka, hakucheza. Tangu tulipokuzika hakuwa ametamka neno la Kimakonde. Watu wa kwenu wakimsemesha, anawajibu kwa Kiswahili, tena cha Temeke hasa. Nilimuuliza mbona anawafanyia hivyo wakubwa zake. Akaniambia, "Kile nilikuwa naongeaga na mama." Sikumuuliza tena.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuwa wakati wa unga wa yanga, ule wa njano tuliokuwa tunausonga huku tumenuna. Jioni kila mtu alikuwa anakwenda kuweka jiwe lake mbele ya duka la ushirika, limshikie nafasi mpaka kesho. Aliyekosa jiwe aliweka kopo, au kikapu kibovu. Langu lilikuwa nusu tofali lenye chokaa upande mmoja, na siku hiyo nilikuwa nimeliweka karibu kabisa na mlango. Asubuhi tunafika, hakuna jiwe. Uwanja umefagiliwa vizuri, una michirizi ya fagio kama uwanja wa arusi, na mawe yetu yote yamerundikwa pembeni na takataka. Na wewe umesimama hapo, mgeni hatukujui, chale zako usoni, fagio mkononi, mtoto kakushika kanga, unangoja tukusifu.

Mimi ndiye niliyeanza kubwata. Sijutii, ile nafasi nilikuwa nimeihangaikia. Nikasema huyu Mmawia, ndivyo tulivyowaita ninyi mliovuka Ruvuma, katoka wapi, nani kamtuma. Wenzangu nao wakatia yao. Wewe hukuwa na Kiswahili cha kutujibu. Uliinama ukamnong'oneza Rosa, na Rosa, mdogo vile, akapaza sauti mbele ya wanawake wazima. "Mama anasema kafagia ili tajiri afungue duka."

Tulitazamana. Tajiri gani? Duka ni la ushirika, na muuzaji tunamjua tangu hana meno. Ikabidi mtoto atueleze, neno moja moja, akikuuliza na kutugeukia. Kwamba kule kwenu Mreno hakufungua duka mpaka wanunuzi weusi wamfagilie uwanja, na hata wakishafagia walihudumiwa dirishani, upande wa nyuma. Basi wewe ulisikia hapa kuna duka, ukachukua mtoto na fagio ukaja kununua unga.

Nikakushika mkono nikakuweka mbele yangu. Waliolalamika niliwajibu wanavyostahili.

Toka hapo tukawa wa kwenda pamoja, dukani na sokoni Tandika. Hukupata kuingia mlango wa duka bila kusita, Rosa ndiye aliyekuvuta. Ndani unanong'ona, yeye anasimama kwa vidole vya miguu, kidevu kwenye kaunta, anatangaza: mama anataka sabuni, mama anataka mafuta ya taa, mama anataka na pipi. La pipi hukulisema wewe, hata mimi nisiyejua Kimakonde nilijua. Nawe ulijua, ukamwacha. Nilipokuuliza, ulinijibu kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, "Huyu mdomo wangu. Mdomo lazima ule." Tulicheka mpaka tukakaa chini, watu wanapita wanatuona wehu.

Nilikuzoea, shoga. Siku hizi nikienda sokoni nazungumza peke yangu, na nalipa bei yoyote ninayotajiwa, maana sibishani na wauzaji kama zamani. Kubishana kulikuwa na raha kwa sababu yako, wewe uliyekuwa unasimama nyuma yangu unatikisa kichwa kama unayeelewa.

Sasa nikwambie linaloninyima usingizi. Pale hospitali Rosa ndiye aliyemweleza daktari unaumwa wapi. Mtoto wa umri ule, anaonyesha kwenye tumbo lake mwenyewe panapokuuma wewe. Nilitamani nife mimi nisilione lile. Na siku ya mwisho ulinishika mkono, ukasema maneno mengi huku unamtazama yeye. Naye akanigeukia akasema, "Mama anasema nikae kwako mpaka mjomba aje."

Yako yalikuwa marefu, yake yakawa mafupi. Nimejiuliza sana ulisema nini kingine. Lakini kuna moja nimelishika. Lile la mpaka mjomba aje angeweza kuliacha. Mtoto aliyejua kuongeza pipi angeweza kumpunguza mjomba, na mimi nisingejua maisha yangu yote. Hakumpunguza.

Basi mjomba amekuja, na ana sura yako, nilipomfungulia mlango nilishika ukuta. Mpole. Mguu mmoja anauburuta, kumbukumbu ya vita. Kiswahili chake ni cha kambini, cha simama na twende na asante. Alikaa kwenye kiti ncha moja, akanipa pole ya msiba na asante ya kukuuguza, kisha akasema, "Kwetu, mtoto, wa mjomba."

Nilikuwa na maneno tayari, na unanijua. Lakini hata sisi Wazaramo, bibi zetu walimsikiliza mjomba kabla ya baba. Nilijua anachosema. Na baba yake Rosa alikufa vitani kabla hamjavuka Ruvuma, kwa hiyo hakukuwa na mwingine wa kubishana naye ila mimi, jirani tu. Nikamwambia mtoto hasemi lugha yenu tena, utampeleka kwa watu asiowasikia? Akamsemesha pale pale, kwa Kimakonde, taratibu. Rosa akamjibu, "Shikamoo mjomba," akatoka kwenda kucheza. Balozi wetu wa nyumba kumi, tuliyemwita aamue, akasema mtoto akikataa, hakuna wa kumburuta. Nikajua nimeshinda. Nilifurahi, Mama Rosa. Nilikwenda jikoni nikafurahi peke yangu.

Malori ya kuwarudisha watu wa kwenu yalikuwa yamepangwa. Siku moja kabla, nikamwambia kaka yako twende dukani anunue vya safari, asirudi mikono mitupu. Niliona ni ubinadamu, mtu ameshindwa, mfanyie wema. Rosa akafuata.

Alipofika mlangoni akavua kofia, akasita. Askari mzima, aliyepigana na Mreno miaka yote ile. Tulipoingia, muuzaji akamuuliza, "Nikupe nini, baba?" Kiswahili kikamkimbia. Mimi nilikuwa ubavuni pake, ningemsaidia, nikanyamaza makusudi. Nilitaka Rosa aone. Aone kwamba huyu hana lugha, hana mguu, hawezi hata sabuni.

Rosa aliona. Kaka yako aliinama akamnong'oneza, na Rosa akajishika kwenye kaunta akajivuta juu. "Mjomba anataka sabuni ya kufulia, na kitambaa cha gauni cha mkewe." Kisha akamgeukia akamuuliza kitu kwa Kimakonde, nadhani rangi ya kitambaa. Sauti ilikuwa yako. Muuzaji alinitazama akaniuliza kama naumwa. Safari hiyo mtoto hakuomba pipi.

Njia nzima ya kurudi walikwenda mbele wakizungumza, yeye kamshika mkono upande wa mguu mbovu. Mimi nilikuwa nyuma na sabuni. Tulipofika nyumbani, alikuja jikoni akasimama karibu nami. Akasema, "Mama Zuhura, mjomba hajui kununua." Ndivyo alivyoniaga. Nikamwambia, "Haya mwanangu, nenda ukamfundishe," nikageukia moto, nikasingizia moshi.

Wameondoka leo asubuhi. Nimemfungia mihogo ya kuchoma na yale magauni yake mawili, na kanga yako ile ya njano nimempa, nyingine nimebaki nayo, usinidai. Lori lilijaa watu na vyungu na kuku. Mjomba wake alisimama ubavuni, na lilipowashwa, Rosa akaanza kumpigia kelele kwa Kimakonde, anamsukuma kwa mikono miwili huku ananyoosha kidole kwangu. Sikuelewa hata neno moja, shoga. Mimi niliyejua kila kitu cha nyumba yako. Nikakimbia kando ya lori kama mwehu, nikamuuliza mama mmoja wa kwenu, mtoto anasema nini, jamani, anasema nini. Akainama akaniambia.

"Anasema, mjomba sogea, unanizibia mama."

Usinionee wivu, Mama Rosa. Jina hilo ni lako, mimi nimeazimwa.

Pumzika sasa, kaka yako alikuja, na mwanao yumo njiani kwenda kwenu. Nami nakuahidi hivi: Mungu akinipa uzima nitavuka Ruvuma nikamwone. Nitafika huko nikiwa sijui hata kuomba maji, nitasimama nyuma yake kimya, na atakachosema kwa niaba yangu ndicho nitakachokuwa nimesema.

Mwenzio,
Mama Zuhura